Laiki Kwanza, Ndipo Unyolewe

Siku mkuu wa shule alipopiga marufuku karatasi, tangazo la marufuku lilibandikwa langoni likiwa limechapwa kwenye karatasi. Tena karatasi nene, nyeupe pe, iliyotiwa plastiki ili mvua isiionee: SHULE HII HAITUMII KARATASI. Wanafunzi walilisoma, wakatazamana, wakapita kimya, maana mkuu mwenyewe alikuwa amesimama pembeni akijipiga picha nalo.

Walimwita Bwana Mtandao. Alikwenda semina hotelini akiwa mtu wa kawaida, mwenye kalamu mfukoni na vumbi la chaki mikononi, akarudi hatambuliki. Ubao wa kila darasa ulifunikwa kwa bango lenye picha yake akinyoosha kidole juu mbinguni, huenda ndiko alikoambiwa mtandao unatoka. Kengele iliondolewa. Badala yake alituma ujumbe katika kundi la walimu: "Kengele imelia." Siku moja mwalimu wa hesabu, ambaye bando lilikuwa limemwishia, alifundisha mpaka wenzake wote wakawa wameshafika makwao, na wanafunzi wake wanamlaani hadi leo. Madaftari yalifungiwa stoo. Vikaletwa vishikwambi, kimoja kwa watoto wawili: mmoja abofye, mwingine asubiri zamu yake ya kuelimika.

Wazazi walipiga makofi. Nani angekataa? Ukiuliza swali unaambiwa umebaki nyuma, na hakuna mzazi anayetaka kuonekana amebaki nyuma mbele ya wazazi wenzake.

Katika shule hiyo kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Nukta. Jina hilo alipewa na babake kwa kuwa alizaliwa mdogo kupita kiasi, nalo likamkaa kwa kuwa alikua akawa mtu wa maneno machache. Nyumbani kwao maneno yalikuwa na mwenyewe. Babake alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Redio, ila redio ya kweli ina kitufe cha kuizima.

Mwalimu wao wa Kiswahili, mama mmoja mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, aliwapa insha: "Mtu Ninayemfahamu Kuliko Wote."

"Mnaniandikia mimi," aliwaambia. "Nasoma mimi, nasahihisha mimi, basi. Kwa hiyo msinipambie mtu. Semeni kweli."

Wenzake Nukta wakaandika juu ya mama wapole wasiowahi kukasirika na babu wenye hekima ya kupita malaika. Nukta, aliyekuwa amemeza maneno ya babake maisha yake yote bila kupata mwanya wa kujibu, akasema kweli. Alianza hivi:

"Kuna kinyozi mtaani kwetu ambaye ukimpa kichwa, yeye hukupa habari. Hukata kidogo, husema sana. Humwambia kila mteja kwamba aliwahi kumnyoa waziri, na kila mwaka waziri huyo hupandishwa cheo. Sasa hivi amebakiza hatua chache awe mfalme. Kazi ikiisha, kinyozi huchukua kioo kidogo, akakipitisha nyuma ya kisogo chako upesi kama anayefukuza nzi, kisha huuliza: 'Umeonaje?' Hujaona kitu. Lakini shuka limeshavuliwa, mwenzako ameshakalia kiti, nawe unaona haya kusema. Unatoka na kisogo kilicholiwa na panya, na unamshukuru."

Ikaendelea hivyo aya baada ya aya: jinsi kinyozi anavyouliza swali na kulijibu mwenyewe, jinsi anavyomsimamisha mteja nusu ya kichwa ili amalize kisa, jinsi wanawe wanavyojifunza kula kimya kwa sababu mezani pana matangazo. Na mwisho kabisa, peke yake kwenye mstari, Nukta aliweka sentensi moja: "Kinyozi huyo namfahamu kuliko wote kwa sababu ni baba yangu."

Akaituma kwa mwalimu. Akalala usingizi mzito, usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Wiki iliyofuata Bwana Mtandao akaamka na wazo. Mawazo yake yalikuwa yakija alfajiri na kutekelezwa kabla ya chai, yasije yakafikiriwa. Kwa nini insha isahihishwe na mtu mmoja? Hiyo ilikuwa dhuluma ya enzi za karatasi. Jamii ndiyo msahihishaji! Akaingia katika jalada la mwalimu wa Kiswahili bila kumwambia, akazichota insha zote, akazipakia kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, mji mzima uzione. Itakayopata laiki nyingi hadi siku ya wazazi itakuwa Insha ya Mwaka, na mwandishi wake ataisoma ukumbini, mubashara, dunia ikishuhudia.

Nukta aliiona insha yake kwenye simu ya jirani yake wa dawati. Halafu akaona kwamba ukurasa ulikuwa umeonyesha aya ya kwanza tu. Chini yake palikuwa na maneno mawili ya rangi hafifu: soma zaidi. Mstari wa mwisho, ule wa baba yangu, ulikuwa umejificha huko chini kama mwizi uvunguni. Wa kumtoa ni yeyote mwenye kidole.

Alikimbilia kwa mwalimu wa Kiswahili.

"Nenosiri analo yeye peke yake," mwalimu akasema. Alikuwa na hasira ya kimya, ile mbaya. "Mimi siku hizi ni mgeni kwenye somo langu. Nenda kamwombe."

Ofisini kwa mkuu hapakuwa na kitu mezani isipokuwa simu tatu zilizokuwa zikichajiwa.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa insha ya... ya..." Akatelezesha kidole. "Ya kinyozi! Hongera, binti. Ina mvuto."

"Naomba iondolewe, Mkuu."

"Iondolewe!"

"Nimemsema mtu wa nyumbani."

"Vizuri sana. Familia ndiyo nguzo."

"Nimemsema vibaya, Mkuu. Hukuisoma?"

Mkuu alicheka kama bosi aliyeulizwa iwapo hudeki ofisi mwenyewe. "Binti, insha ni chungu nzima. Mimi ni kiongozi, naangalia takwimu. Nikiondoa moja, grafu inashuka." Akamgeuzia simu amwonyeshe mstari unaopanda. "Unaiona? Sasa wewe unataka grafu yangu ishuke?"

Nukta akaiangalia grafu, akatoka.

Alipofika mtaani alimkuta babake amesimama mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, mashine mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ndani, mteja alikuwa kitini amenyolewa upande wa kushoto tu, akisubiri kwa subira ya mgonjwa.

"Nukta!" Redio akapaza sauti. "Mwanangu! Damu yangu! Umemmaliza!"

"Nimemmaliza nani, Baba?"

"Anajifanya hajui!" Redio akamgeukia mteja. "Mwone mtoto wa nyoka huyu, ameuma halafu anauliza jino ni la nani." Akaelekeza mashine ng'ambo ya barabara. "Yule!"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda kingine, na mlangoni kilisimama kitambi cha kinyozi mwingine, aitwaye Makasi. Redio na Makasi walifundishwa kazi na mzee mmoja, katika chumba kimoja, kwa wembe mmoja. Kwa hiyo walikuwa na mikono ileile, mizaha ileile, kioo kilekile cha kupita upesi, na waziri yuleyule, kila mmoja akiapa kwamba kichwa kilikuwa mikononi mwake na mwenzake alikuwa akifagia. Tangu watoke kwa mzee hawajawahi kunywa maji ya mtungi mmoja.

"Hukata kidogo, husema sana!" Redio alisoma kwa sauti, akajipiga paja. "Ndiye! Ndiye mtupu! Na kile kioo! Nilikuwa nasema siku zote, jamani, yule jamaa kioo chake kinapita kama radi. Mtoto ameona. Mtoto ana macho!"

Nukta alimtazama babake, akatazama kisogo cha mteja. Palikuwa na mahali kama palipolambwa na ng'ombe.

"Baba," akasema, "ile insha..."

"Ile insha ni moto! Nimeshaituma kwa shangazi zako, kwa kwaya, kwa wale wa chama cha mazishi..."

"Baba, umeisoma mpaka..."

"Nimeisoma mara kumi! Kwanza sikia, jana alikuja mtu hapa..." Na kikaanza kisa cha mtu aliyekuja jana, kikazaa kisa cha nduguye, na mteja wa nusu kichwa akaegemea nyuma na kufumba macho.

Asubuhi iliyofuata kibandani palikuwa na utaratibu mpya. Redio hakumvika mtu shuka kabla hajaiona simu yake.

"Laiki kwanza, ndipo unyolewe."

"Laiki nini, Redio? Nimekuja kunyoa ndevu."

"Insha ya binti yangu. Bonyeza hapo penye kidole gumba. Hapo hapo. Umeshabonyeza? Kaa sasa. Karibu sana."

"Inahusu nini?"

"Inahusu kweli. Inua kidevu."

Na watu wakabonyeza. Ukishakuwa umeegemezwa kichwa nyuma na wembe uko shingoni, huna maoni tofauti juu ya fasihi.

Kilichomshangaza Nukta ni kwamba laiki zilikuwa nyingi kuliko vichwa vya mtaani. Alikuja kuelewa jioni, alipokuwa akipita ng'ambo ya barabara kwenda kununua uzi wa mamake. Makasi alimwita kwa kidole, akachungulia kushoto na kulia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Binti, Mungu akuweke. Nimecheka mpaka nimemkata mtu sikio. Mzazi ni mzazi, sikatai, lakini umeonyesha moyo. Redio mwenyewe huyo, mzima mzima, umemtoa kama picha!"

Nyuma yake, juu ya kioo kikubwa, palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makaa: HAPA TUNALAIKI INSHA YA NUKTA.

"Umeisoma yote, Baba Mdogo?" Nukta akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya jeneza.

"Ya nini kuisoma yote? Mtu namjua tangu tunafua mataulo." Makasi akamkonyeza. "Usihofu, nahamasisha. Siku ya wazazi nitakaa mbele kabisa. Nataka niuone uso wake."

Basi ikawa hivyo. Upande huu kinyozi akiwalazimisha watu waipende insha ili kumwaibisha wa upande ule, na upande ule kinyozi akiwalazimisha watu waipende ili kumwaibisha wa upande huu, na laiki zikipanda kama maziwa jikoni. Insha iliyokuwa ikishindana nayo ilikuwa ya mtoto wa mwenyekiti wa wazazi, "Umuhimu wa Teknolojia Katika Ulimwengu wa Leo," iliyotungwa na mashine tangu herufi ya kwanza. Mwishoni mwake ulikuwa umebaki mstari: "Je, ungependa niiandike tena kwa lugha rahisi zaidi?" Mamia walikuwa wameipenda. Bwana Mtandao aliandika chini yake: "Kazi safi yenye utafiti wa kina." Hakuna aliyejibu lile swali.

Nukta aliliomba darasa lake liilaiki ile ya mashine. Wengine walikubali, wakailaiki, halafu wakailaiki na yake, kwa sababu laiki haiishi.

Mamake alikuwa fundi cherehani, na ndiye mtu pekee nyumbani aliyesoma kitu mpaka mwisho, kwa kuwa mshonaji asiyemaliza mshono hana kazi. Nukta alimkuta ameweka simu juu ya cherehani, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Mama, unalia?"

"Nalia nini!" Mama akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "'Mezani pana matangazo.' Ee Mungu wangu. Ni yeye. Ni yeye hadi kucha." Halafu kicheko kikakatika. "Amesoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye 'soma zaidi'."

"Basi hajasoma. Baba yako hata viapo vya ndoa alimkatiza kasisi." Mama akauma uzi kwa meno. "Nukta, mwambie kabla hajaambiwa. Yule ukimtania chumbani atacheka, lakini ukimtania mbele ya Makasi utakuwa umemzika."

"Najaribu, Mama. Hanyamazi."

"Jaribu akiwa anakula."

Alijaribu akiwa anakula. Redio alikula kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamwonyesha hesabu ya laiki, akieleza atakavyovaa siku hiyo, suti ipi, tai ipi, na atakavyokaa ili Makasi amwone vizuri. Alijaribu tena kibandani. Siku hiyo fundi pikipiki wa kona alikuwa kitini na povu la sabuni masikioni, na kwa kuwa Redio alikuwa katikati ya kisa kirefu kilichosimamisha wembe, yule fundi akaona bora asome. Akasoma. Akabonyeza soma zaidi. Nukta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona usoni kupitia kioo kikubwa: kwanza nyusi, kisha mdomo, kisha povu lote likaanza kutetemeka.

"Tulia bwana, nitakukata!" Redio akafoka.

"Niko salama, niko salama." Macho ya fundi yakakutana na ya Nukta kiooni. Akameza kicheko kikampalia. "Insha nzuri, Redio. Hasa mwisho wake."

"Mwisho upi?"

"Mwisho wake. Huujui?"

"Nitaachaje kuujua, na mtoto ni wangu?"

"Hapo umesema," fundi akajibu, na povu likamwingia puani.

"Baba," Nukta akasema, "naomba dakika moja tu. Tukae wawili."

"Utanipa dakika ya nini, mwanangu, nitakupa siku nzima! Ngoja nimalize hapa. Tulifika wapi? Ehe. Basi waziri akaniambia..."

Fundi pikipiki alilipa, akatoka, hakusema neno. Nukta alimshukuru kimoyomoyo, kisha akatamani angesema.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mbele, juu ya stendi ya miguu mitatu, ilisimamishwa simu ya mkuu, na nyuma ya jukwaa palitundikwa shuka jeupe kuonyesha kile ambacho simu ilikuwa ikikiona, ili watu waliokuwa ukumbini waweze kuutazama ukumbi. Redio alikaa mstari wa kwanza kushoto, suti, tai. Makasi alikaa mstari wa kwanza kulia, akipepea uso kwa kofia. Mama alikaa katikati yao, nyuma kidogo, amekunja mikono kama anayesubiri matokeo ya daktari.

Bwana Mtandao alihutubia. Alisema karatasi ni adui wa msitu, wino ni adui wa karatasi. Alisema mtoto wa leo hasomi, anatiririka. Makofi. Kisha akatangaza mshindi kwa laiki ambazo shule hiyo haijawahi kuzipata tangu iumbwe, hata ile siku mbuzi alipoingia maabara.

"Mpokeeni! Tuko mubashara!"

Nukta alipanda jukwaani na kishikwambi mkononi. Alikuwa ameshaamua. Atasoma ile aya ambayo mji unaijua, atafika palipoandikwa soma zaidi, atainamisha kichwa, atashuka. Hakuna atakayeuliza. Waliokuwa wameipenda hawakuhitaji zaidi ya hapo, na zawadi ilikuwa imeshatolewa kwa kipande hicho hicho.

Akasoma. Kwenye "awe mfalme" ukumbi ukaangua kicheko. Redio alicheka kwa nguvu kuliko wote, akimwangalia Makasi. Makasi alicheka kwa nguvu kuliko wote, akimwangalia Redio. Wakawa wanachekeana kama wachumba. Nukta akafika kwenye kisogo kilicholiwa na panya, akafika kwenye "unamshukuru," akanyamaza, akainamisha kichwa.

Makofi. Mama akaachia pumzi.

Nukta alikuwa ameshageuka ashuke pale babake aliposimama.

"Ndugu wazazi!" Redio alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Mnaomjua kinyozi huyo msijifiche. Mimi nasema mchana kweupe, maana mwanangu amesema kweli." Akanyoosha kidole kulia, mkono wote, kama askari wa barabarani. "Makasi! Simama wakuone!"

Ukumbi ukalipuka. Vichwa vikageuka. Watu wakasimama wamwone Makasi, wengine wakainua simu. Mke wa Makasi akajifunika uso. Mwanawe mdogo, aliyekuwa ameketi miguuni pake, akaanza kulia kwa kuona babake anachekwa.

Makasi alisimama taratibu. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Mimi?" akasema. "Redio, unaota. Kila mtu hapa anajua nani kasemwa. Muulize mwandishi, si huyo hapo?"

"Muulizeni!" Redio akadakia kwa furaha. "Nukta, mwambie! Mwambie mbele ya watu!"

Bwana Mtandao alikuwa ameishika simu na kuigeuza, ikimfuata Redio. Kwenye shuka jeupe uso wa Redio ulikuwa mkubwa kama nyumba.

Nukta alisimama kwenye ngazi ya jukwaa. Angeweza kusema "sijui". Angeweza kusema ni kinyozi wa kubuni, na kila mmoja angerudi nyumbani na kinyozi wake. Lakini yule mtoto alikuwa akilia, na mji mzima ulikuwa ukimcheka mtu kwa neno lake yeye, neno ambalo halikuwa la mtu huyo. Akakiinua kishikwambi. Akabonyeza soma zaidi. Hakusoma zile aya za katikati. Alishuka moja kwa moja mpaka chini.

"Kinyozi huyo," akasoma, "namfahamu kuliko wote kwa sababu ni baba yangu."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Redio ulibaki hewani umenyooka, kidole bado kinamwonyesha Makasi, kama kwamba habari ilikuwa haijafika huko mwishoni. Mdomo ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu Nukta amfahamu, hakuna kilichotoka. Kwenye shuka jeupe mioyo myekundu ilianza kupanda kutoka chini, midogo midogo, ikimpita kidevuni, ikimpita machoni, ikipasukia kipajini. Watu waliokuwa majumbani walikuwa wanapenda.

"Kaa chini, ndugu yangu," Makasi alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, na sasa alionekana kama mtu aliyepewa chakula kilichooza. "Kaa, Redio."

"Mzee, usikae! Baki hapo hapo!" Bwana Mtandao alipiga kelele. "Usitoke kwenye picha! Wanaongezeka! Mama wa mtoto, sogea karibu naye, lieni kidogo..."

Nukta aliruka ngazi. Aliing'oa simu mikononi mwa mkuu, akaizima, na shuka likarudi kuwa shuka. "Watazamaji wangu!" mkuu akalia, kama mtu aliyeangusha sinia la vyombo. Mwalimu wa Kiswahili, kwenye kona, alivua miwani na kuanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Redio aliushusha mkono. Akafungua kifungo cha koti, akakifunga, akatoka ukumbini.

Nukta alimkuta nje ya lango, anatembea upesi kuelekea nyumbani. Alimfuata nyuma hatua kadhaa, wakapita duka la vipuri, wakapita kwa fundi pikipiki aliyeinua mkono kusalimu kisha akaushusha. Babake hakusema neno. Ilikuwa inatisha, kama kuingia nyumba uliyoizoea na kukuta samani zote zimetolewa.

Penye mfereji, Redio alisimama kumsubiri. Hakumwangalia.

"Ungeniambia."

"Nilijaribu, Baba."

"Lini?"

"Kibandani. Mezani. Kibandani tena. Ulikuwa unazungumza."

Redio alifungua mdomo. Nukta aliona jibu linakuja, refu, lenye waziri ndani yake. Likafika kwenye meno, likarudi.

"Wangapi wameifikisha mwisho?" akauliza.

"Mama. Fundi pikipiki. Mwalimu wa Kiswahili."

"Na hao wengine wote, maelfu hao?"

"Waliipenda tu."

Redio akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amewabonyezesha yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na shuka shingoni. Waliendelea kutembea, sasa bega kwa bega.

"Mwalimu alikupa ngapi?"

"Kumi na saba kwa ishirini."

"Hizo tatu alizikatia nini?" Palikuwa na ukali kidogo katika swali hilo, ukali wa mtu anayedai haki ya mwanawe. "Kwamba umeongopa?"

"Alisema mwisho ni mfupi. Nimefika kwenye 'ni baba yangu' nikaacha hapo hapo. Alitaka niendelee."

Walipita nyumba mbili, tatu. Redio alilegeza tai, akaivua, akaiviringa na kuitia mfukoni.

"Basi endelea," akasema. "Nasikiliza."